Sheria Kwanza, Jalada Baadaye: Namna ya Kuwatafuta Wazee Wetu Mahakamani

Katika mkutano wetu uliopita wenzangu kadhaa walinikabili na swali moja: "Wewe uliyekuwa karani wa mahakama miaka yote ile, hebu tueleze, mtu atapataje habari za babu zake katika makaratasi ya mahakama?" Nilijibu kwa maneno machache tu kwa sababu pilau ilikuwa imekwisha pakuliwa, na mwenye njaa hana masikio. Mhariri ameniomba nilijibu swali hilo kwa utulivu katika kurasa hizi, nami nimekubali kwa moyo mmoja.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sisi sote tuliandika insha juu ya methali hiyo tukiwa Kidato cha Pili. Lakini asili ya wengi wetu haikuandikwa vitabuni. Vitabu viliandika masultani, magavana na wamisionari. Mvuvi, mkulima, mpagazi na mama muuza vitumbua hawakuandikwa na mtu yeyote, isipokuwa karani wa kodi na karani wa mahakama. Mtu mdogo aliingia katika maandishi siku aliposhitaki, aliposhitakiwa, alipodaiwa, alipotalikiwa, au alipofariki na kuacha minazi sita ya kugawana. Ndiyo maana majalada ya mahakama ni hazina kubwa kwa anayetafuta historia ya ukoo wake.

Hata hivyo hazina hiyo ina ufunguo wake, na ufunguo huo ni sheria iliyotumika mwaka ule. Jalada la mahakama ni majibu. Maswali yaliulizwa na sheria. Kama hujui sheria iliuliza nini, utayasoma majibu vibaya, na vibaya zaidi, utadhani kwamba jambo lisiloandikwa halikuwako. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: soma sheria kwanza, jalada baadaye.

Tarehe tulizozikariri darasani

Mwalimu wetu wa historia alitukaririsha tarehe mpaka tukaziota: 1873, 1890, 1897. Wengi wetu tulizikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha tukazisahau. Kumbe tarehe hizo ndizo zinazotuonyesha mlango wa kuingilia katika majalada.

Mkataba wa Juni 1873, alioutia sahihi Sultan Barghash, ulipiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa baharini na kuyafunga masoko yao. Haukumpa uhuru mtu aliyekwisha kuwa mtumwa. Amri ya Agosti 1890 ya Sultan Ali bin Said ilikataza kuuza na kununua watumwa, lakini mtumwa aliyekuwako alibaki kuwa mtumwa. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya Sultan Hamoud bin Mohammed ndiyo iliyoondoa hali ya utumwa mbele ya sheria katika visiwa vya Unguja na Pemba. Lakini soma vizuri. Haikusema kwamba kesho asubuhi kila mtumwa ni huru. Ilisema kwamba mahakama haitamtambua mtu kuwa ni mali ya mwenzake. Aliyetaka uhuru wake uandikwe alipaswa kwenda mwenyewe kuudai, na bwana wake aliweza kuomba fidia. Tena aliyepewa uhuru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji.

Sasa mtafiti atazame hapo. Kwa kuwa sheria ilidai mambo hayo, karatasi ziliandika mambo hayo: jina la mtumwa, jina la bwana, mahali anapokwenda kukaa, na kazi yake. Vitu hivyo vinne ni mali kwa mtu anayemtafuta bibi yake.

Bara mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wajerumani hawakufuta utumwa kwa mara moja. Walitoa hati za uhuru, mmoja mmoja. Mwaka 1901 waliweka kanuni za mtumwa kujikomboa na za kuthibitisha mbele ya serikali mtumwa anapohamia kwa bwana mwingine. Na kwa amri ya 1904 walisema kwamba watoto wote wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika pwani ya Kenya ulifutwa mwaka 1907. Basi ndugu wawili, mmoja aliyekaa Unguja na mwingine Pangani, waliweza kuwa na hali mbili tofauti mbele ya sheria kwa muda wa miaka ishirini na mitano. Ukitafuta hati ya uhuru ya Pangani katika mwaka wa Unguja, hutaipata.

Kisa cha mstari wa vitone

Nitatoa mfano wa nyumbani kwangu, maana mganga hujipaka dawa yake kwanza.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa Unguja, akahamia Tanga akiwa kijana. Upande wa Unguja tulikuwa na jamaa wengi, na tulitembeleana katika harusi na misiba. Lakini tangu utoto wangu niliona kwamba likija jambo la ukoo, sisi wa Tanga hatuulizwi. Mzee mmoja wa upande ule alipochora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, watoto wote wa babu mkuu walichorwa kwa mstari wa wino uliokaza, na babu yetu peke yake akachorwa kwa mstari wa vitone. Baba aliutazama, akaukunja, akasema, "Watu wazima wanajua wanachokifanya." Maana ya vitone tuliijua bila kuambiwa: mama yake babu alikuwa suria, yaani mtumwa aliyekaa na bwana wake kama mke. Jina lake halikuwako katika mti ule, wala hapakuwa na aliyelijua.

Nilipostaafu nilikwenda kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani. Kwanza nilitazama majina ya waliopewa uhuru na mahakama baada ya 1897. Bibi yetu hakuwamo. Jamaa mmoja akasema, "Basi, hakuwa na uhuru mpaka kufa kwake." Hapo ndipo sheria iliposaidia. Amri ya 1897 ilikuwa na kifungu chake kuhusu masuria. Hao hawakuwekwa pamoja na watumwa wengine. Walihesabiwa kuwa watu wa nyumbani kama wake, wakabaki walivyo, isipokuwa suria atakayelalamika kwamba anateswa. Kifungu hicho kilidumu mpaka 1909, kilipoondolewa. Suria aliyekaa nyumbani kwake bila kushitaki hakuwa na sababu ya kuandikwa katika orodha za mahakama. Kutokuwamo kwake hakutuambii kama alikuwa huru au la. Kunatuambia kwamba hakupitia mlango ule.

Baadaye nilipata jalada la mirathi ya babu mkuu, la mwaka 1323 Hijria, yaani 1905 au mwanzo wa 1906. Alikuwa mtu wa madhehebu ya Shafii, na kadhi aliigawa mali yake katika sehemu 40. Mke alipata 5, mtoto wa kiume wa kwanza 14, mtoto wa kiume wa pili 14, binti 7. Jumla 40 kamili. Mtoto wa kiume wa pili alikuwa ni babu yetu. Mama yake hakutajwa hata kwa neno moja.

Mtu asiyejua sheria angelifunga jalada lile kwa majonzi na kusema, tazama, bibi alinyimwa hata sufuria. Lakini tusome sheria ya mirathi. Mke mwenye watoto kwa marehemu hupata thumuni, na thumuni ya 40 ni 5. Zinazobaki ni 35. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya mtoto wa kike, hivyo wana wawili na binti mmoja ni mafungu matano, kila fungu sehemu 7. Mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana mwenyewe huzaliwa huru, ni mtoto halali wa baba yake, na fungu lake ni sawasawa na la mtoto wa mke. Ndiyo sababu 14 ni sawa na 14. Na mama yake? Suria aliyemzalia bwana wake hawi mrithi, lakini siku bwana anapofariki yeye huwa huru papo hapo, wala hawezi kugawiwa kama mali. Kwa hiyo hakutajwa katika orodha ya warithi kwa kuwa si mke, na hakutajwa katika orodha ya mali kwa kuwa si mali tena. Ukimya ule ambao ukoo mzima uliuona kuwa ni aibu, ndio ulikuwa uhuru wake.

Jina lake nililipata baadaye katika hati ya mauzo ya kibanda, ya mwaka 1330 Hijria, yaani 1912. Muuzaji aliandikwa jina lake, kisha "huru wa marehemu fulani", naye marehemu huyo ni babu mkuu wetu. Zamani zile ilikuwa desturi kumtaja mtu aliyeachwa huru pamoja na jina la aliyekuwa bwana wake. Hata desturi hii ilikuwa na mizizi katika sheria, kwa sababu mtu aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, mali yake iliweza kudaiwa na aliyemwacha huru au jamaa zake. Maneno mawili yale, ambayo wengine wangeyaficha kwa kidole, ndiyo yaliyomrudisha bibi nyumbani.

Nilinakili karatasi hizo mbili nikampelekea mtoto wa yule mzee aliyechora mti, kwa kuwa mzee mwenyewe alikwisha tangulia mbele ya haki. Sikudai kitu. Shamba lililogawanywa lilikwisha kuwa mali ya Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na hakuna mnazi mmoja wa kugombania. Alisoma, akanyamaza kitambo, akasema, "Kaka, hesabu hailali." Mti wa ukoo ukachorwa upya, wino mmoja kwa wote, na bibi akaandikwa kwa jina lake. Sasa tunapofanya hitima tunamtaja.

Majalada yako wapi?

Wenzetu wa bara nao wasikate tamaa. Wengi huenda moja kwa moja Mahakama Kuu, wakakosa, wakarudi nyumbani wakilaumu mchwa. Hapa pia uliza sheria kwanza. Mwaka 1929 ilitungwa sheria iliyozitenga mahakama za wenyeji na Mahakama Kuu na kuziweka chini ya utawala. Rufaa kutoka baraza la mtemi, liwali au jumbe ilikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo. Kwa hiyo rufaa ya babu yako ya mwaka 1935 kuhusu ng'ombe wa mahari inaweza kuwa ndani ya majalada ya ofisi ya wilaya, pamoja na barua za barabara na za nzige. Mwaka 1951 mahakama hizo zilibadilishwa kuwa mahakama za mitaa. Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha mfumo wote: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, mpaka Mahakama Kuu. Kabla ya 1929 utafute kwingine, na baada ya 1963 kwingine tena. Majalada ya wilaya yaliyohifadhiwa, pamoja na ya Wajerumani, yatafute katika Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam.

Tazama vilevile sheria za kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Mtu mwenye wake watatu katika nyumba tatu alitozwa kwa nyumba zote tatu. Basi ukikuta katika kesi ya kutolipa kodi kwamba mzee alidaiwa nyumba tatu, usiseme alikuwa tajiri wa majumba. Uliza wake zake walikuwa kina nani. Na umri ulioandikwa katika kesi kama hizo ulikuwa wa kukisia. Karani alimtazama kijana ndevu zake akaamua.

Mambo manne ya kuangalia

Kwanza, majina ya udugu. Shahidi alisema kwa Kiswahili au kwa lugha yake, mkalimani akatafsiri, Mzungu akaandika. Kwa Kiingereza na Kijerumani, ami na mjomba ni neno moja. Shahidi aliyemwita baba mdogo wake "baba" aliandikwa kuwa ni mwanawe, na ndiyo sababu mtu mmoja anaweza kuwa na baba wawili katika majalada mawili. Usimtuhumu bibi yako, mtuhumu mkalimani.

Pili, kabila. Mahakama za wenyeji ziliwahusu Waafrika tu. Mtu aliyejiandikisha kuwa Mwarabu alishitakiwa kwingine. Kwa hiyo kabila katika jalada mara nyingi ni jibu la swali "uhukumiwe wapi?" Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na makabila mawili, kila mmoja kwa faida yake.

Tatu, tarehe. Karatasi za kadhi hufuata mwaka wa Hijria, na nyingi zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kupata mwaka wa Miladi kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Vijana wa hesabu wajaribu 1315, watapata 1897.

Nne, wanawake. Katika majalada mengi ya bara utaona ardhi ya ukoo ikigombaniwa na wanaume watupu. Hii haina maana kwamba wanawake hawakulima. Mila nyingi, na baadaye kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, zilimruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza. Asiyeweza kuuza haonekani katika kesi za kuuza. Mwaka 1989, katika kesi ya mwanamke mmoja wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki ile ile ya kuuza kama mwanamume, kwa msingi wa Tamko la Haki za Binadamu lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mtafiti wa miaka ijayo atakayewakuta mabinti wakiuza ardhi asiseme kwamba wanawake wamezaliwa ghafla.

Kabla hujafunga safari

Anza kwa wazee. Jalada litangoja, mzee hangoji. Andika majina, mahali, na ugomvi wowote wanaoukumbuka, maana ugomvi ndio uliozaa kesi. Kisha tafuta sheria za miaka hiyo katika maktaba. Sheria zilizochapwa husomeka kwa urahisi kuliko mwandiko wa karani. Ndipo uende kwenye nyaraka ukiwa na kitambulisho, barua ya maombi, kalamu ya risasi na subira. Usikunje karatasi, usiandike juu yake. Ukiichana, umemchana na babu wa mwenzako.

Tena jihadhari na unachokitafuta. Wako wanaotafuta karatasi ili wamfukuze ndugu kiwanjani, au wamwambie jirani kwamba bibi yake alinunuliwa. Mimi niliyekaa mahakamani nawaambieni: aliyeuzwa hakutenda kosa, na hakuna hukumu hata moja katika masjala inayosema kwamba alitenda. Aibu, kama ipo, ni ya aliyeuza na aliyenunua, na ya sheria iliyowaruhusu. Wengi wetu tuliosoma katika shule yetu hii, tukalala vitanda vya juu na chini na kula uji wa aina moja, tuna mabibi wa pande zote mbili za hati ile ile.

Ninyi vijana, likizo ijayo kila mmoja na aulize jina la mama wa babu yake. Wengi mtajibiwa, "Hatulijui." Hapo msikubali kwamba hakuwako. Ulizeni mwaka, ulizeni sheria ya mwaka huo, kisha nendeni mkatazame alipitia mlango gani.